Mahindi nalima mwenyewe, mbona bei ikipanda naumia?

"Shikamoo mtaalamu. Nalima Kasulu vijijini, mkoani Kigoma, ekari mbili za mahindi na kipande cha maharage, muhogo ninao kidogo pembeni. Mwaka jana tulipata kama magunia 14 ya mahindi. Juni tukauza manane kwa 48,000 kila moja, yale ya kujazwa debe saba kama wanunuzi wanavyotaka. Hela ikalipa deni la mbolea, sare na michango ya shule. Sita tukaweka ndani, ya debe sita sita. Novemba tulipofungua moja tukakuta unga mtupu na dumuzi. Tuko watu saba, debe moja tunakula wiki. Katikati ya Januari yakaisha. Sasa ni Februari, tunanunua debe 17,000 kwa hela ya vibarua. Redioni wanasema bei imepanda na mkulima ananufaika. Mimi sioni. Mume wangu anasema ni walanguzi na Warundi wanaovuka mpaka wa Manyovu ndio wanaomaliza mahindi. Jirani anashauri mavuno yajayo tufungie yote mpaka Februari ndipo tuuze. Na kuna dalali anatoa 30,000 kwa gunia sasa hivi, mzigo atachukua Juni. Mtoto wetu wa mwisho ana miezi 20, naona amepungua. Tufanye nini?"

Marahaba dada. Nianze na ulilomalizia. Mpeleke mtoto kliniki wiki hii, na kadi yake. Watampima uzito na urefu, watamzungushia utepe wa rangi mkononi, na dakika chache baadaye utajua kama ni kupungua kwa kawaida au ni utapiamlo. Ukiona miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi au amekataa kula, usingoje siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Mambo ya bei yana maelezo marefu na mtoto wa umri huo hana muda wa kuyasubiri. Wakati huo huo, uji wake usiwe wa unga mtupu. Tia dagaa waliosagwa, karanga au maharage yaliyopondwa, na tone la mawese. Unga unashibisha, lakini haujengi mwili wa mtoto peke yake.

Sasa turudi kwenye mahindi. Unajiuliza inakuwaje mtu anayelima chakula aumizwe na chakula kupanda bei. Jibu ni kwamba bei ikipanda hainufaishi "mkulima". Inamnufaisha yeyote mwenye mahindi ya kuuza siku ambayo bei iko juu. Wewe Juni ulikuwa muuzaji, na bei ilikuwa chini. Januari bei ilipokuwa juu, ulikuwa mnunuzi. Redio haijakudanganya, ila mkulima anayesemwa pale ni yule mwenye magunia mia ghalani mwezi wa pili. Wenye ekari mbili au tatu kama nyinyi, wengi wao kwa hesabu ya mwaka mzima wananunua chakula kingi kuliko wanachouza, hata kama hawajawahi kukaa chini wakapiga hesabu hiyo.

Tuipige sasa. Uliuza magunia manane kwa 48,000, jumla 384,000. Kila gunia lilikuwa na debe saba, kwa hiyo zilitoka nyumbani kwako debe 56. Gawa, utaona uliuza debe moja kwa pungufu ya shilingi 6,900. Leo debe hilo hilo unalinunua 17,000. Kutoka katikati ya Januari hadi katikati ya Juni ni kama wiki 22. Bei ikibaki hapo, debe 22 zitakugharimu 374,000. Yaani karibu hela yote ya magunia manane inarudi sokoni, na inarudi na debe 22, ambazo hazifiki magunia manne. Mahindi mabichi ya Machi na Aprili yataokoa wiki kadhaa, lakini picha haibadiliki sana.

Kuna hesabu nyingine ndani ya hiyo, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Unasema mlivuna magunia 14. Ukihesabu kwa debe, yale manane ni 56 na yale sita ni 36, jumla 92. Mwaka una wiki 52, nanyi mnakula debe moja kwa wiki. Ziada yenu ya kweli ilikuwa debe 40. Kama mngeuza hizo 40 tu, Juni ile ile na kwa bei ile ile ya 48,000, lakini gunia likiwa na debe sita, mngepata 320,000. Tofauti na mlichopata ni 64,000. Kwa ajili ya hiyo 64,000, pamoja na gunia lililoliwa na dumuzi, mmeingia kwenye miezi mitano ya kununua.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wakulima wadogo wanauza hovyo kwa kukosa elimu. Juni ina madeni yake. Mwenye duka la pembejeo anadai, shule zinafungua Julai, kila mtu kijijini anahitaji hela wiki moja na mwenzake, na kila mtu ana mahindi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Oktoba au Novemba na kuisha Mei, kwa hiyo mahindi ya Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko yanaingia sokoni kwa pamoja. Mnunuzi akifika na lori anajua hilo, na anajua pia kwamba barabara ya kutoka shambani kwako anaijua yeye kuliko wewe. Kwako anakupa bei ya mjini akishatoa usafiri na faida yake. Januari mahindi yakikurudia, unalipa bei ya mjini ukiongeza usafiri na faida yake. Usafiri huo huo unaulipia mara mbili, kwenda na kurudi. Dizeli ikipanda, pande zote mbili zinakuumiza wewe. Lami iliyofunguka kuelekea Nyakanazi, mkoani Kagera, imepunguza kidogo, lakini kipande cha kutoka kijijini hadi lamini, hasa mvua zikiwa zimekolea, ndicho kinachokula hela.

Halafu kuna hasara ambayo haionekani kwenye bei kabisa. Umesema unga wa sasa unatoka kwenye vibarua. Februari hii, wewe na mumeo mnapalilia shamba la mtu ili mle jioni, na shamba lenu? Mahindi yanaamuliwa na magugu katika wiki sita hivi za mwanzo. Palizi ikichelewa, hata mbolea uliyokopa inanenepesha magugu. Njaa ya Januari inakula mavuno ya Juni, nayo Juni iliyopungua inaleta njaa ya Januari nyingine. Kama kuna jambo moja la kulivunja, ni hili. Bei ya taifa wewe huiwezi, mimi siiwezi. Mduara huu unaweza kuvunjwa kwa debe 52.

Mumeo nisimpuuze, maana anachosema nakisikia kila kijiji. Walanguzi wapo, na mnunuzi akiwa mmoja tu kijijini anapanga bei atakavyo. Lakini wafanyabiashara wanaovuka Manyovu kwenda Burundi, au wanaopakia mwaloni Kibirizi, Ziwa Tanganyika, kwenda Kongo, ni wanunuzi wa ziada. Wasipokuja, wewe muuzaji wa Juni utaumia zaidi. Tuliliona hilo 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje. Bei ya mashambani iliporomoka na ikakaa chini hadi msimu uliofuata. 2024 ikawa kinyume chake. Zambia na Malawi zilipigwa na ukame, mahindi ya Tanzania yakatafutwa, na Zambia ikafikia makubaliano na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ya kununua tani 650,000. Mpaka ukiwa wazi muuzaji anapumua na mnunuzi anabanwa, na ukifungwa ni kinyume. Shida yenu ni kwamba nyumba moja ina wote wawili.

Mbolea nayo inaingia hapa. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipita laki moja. Agosti mwaka huo ruzuku ilianza na bei ikashushwa hadi 70,000. Umesema mlikuwa na deni la mbolea, lakini hukusema mlinunua kwa ruzuku au la. Kama hamjajiandikisha kwenye daftari la wakulima, nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkachukue namba. Nimekutana na watu wanaonunua kwa bei ya mtaani huku jirani yao ananunua kwa ruzuku duka lile lile, na sababu ni hiyo namba tu.

Sasa dalali. Anakupa 30,000 leo kwa gunia ambalo mwaka jana Juni liliuzwa 48,000. Weka kwamba bei itakuwa ile ile. Utakuwa umekopa 30,000 na kulipa 48,000 baada ya miezi minne, sawa na riba ya asilimia 60. Na sijahesabu debe la saba, ambalo nina hakika atalitaka. Kule Kagera kwenye kahawa mchezo huu wanauita butura, na umeziacha familia nyingi zikivuna kahawa ambayo si yao. Hata kikundi cha VICOBA kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi, riba ambayo mimi naiona kubwa, kwa miezi minne ni asilimia 40. Ukibanwa kabisa, kopa huko, na ukope kidogo, kiasi cha kununua debe chache mkamalizie palizi yenu. Halmashauri pia zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo haipatikani kwa wiki moja, ina fomu na vikao, lakini kwa msimu ujao ni ya kuanza kuulizia sasa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama tayari mmeshapokea chochote kutoka kwa dalali, au ameleta karatasi ya kusaini inayotaja shamba, simama hapo. Msisaini kabla ya kwenda nayo ofisi ya kijiji au kata ikasomwa mbele ya mtu mwingine.

Jirani yako ana nusu ya ukweli. Kuhifadhi kunalipa miaka mingi, hakulipi kila mwaka. Waliofungia yote 2017 kwa kutegemea Februari waliuza kwa hasara. Tena ushauri wake unafaa mtu asiye na deni Juni, na nyinyi mnalo. Mkijaribu kufungia yote, Agosti mtafungua ghala kwa presha na kuuza kwa bei yoyote. Ningependa mgawe mavuno mafungu mawili, na msiyachanganye. Debe 52 ni chakula, haziuzwi hata bei ikipanda kiasi gani. Mkiweza kula muhogo siku mbili tatu kwa wiki, 52 zinashuka kuwa kati ya 30 na 37 hivi. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Hicho nacho, kama madeni yanaruhusu, kiuzwe kwa awamu: sehemu Juni ya kulipa deni, nyingine Oktoba au Novemba, wakati wa kununua mbegu. Hapo hata bei ikikosa kupanda hamjaangamia.

Pengo la hela ya Juni lijazwe na maharage kwanza. Kwa kawaida gunia moja la maharage linanunua magunia mawili ya mahindi na zaidi, na maharage yetu ya Kigoma yana wateja mbali. Debe tatu nne za maharage zinaweza kuziba ile 64,000. Najua maharage ndiyo mboga ya nyumbani, kwa hiyo sisemi muuze yote. Na mkiuza, hesabuni kipi kinabaki kwa ajili ya mtoto.

Kuhusu debe la saba: hiyo ni lumbesa, na Sheria ya Vipimo inaikataza. Kwenye magunia yako manane ilikuchukulia debe nane, zaidi ya gunia zima. Kumkatalia mnunuzi ukiwa peke yako ni kazi ngumu, ataenda kwa jirani. Mkiwa kaya kumi mnauza pamoja, mzigo umekusanywa sehemu moja na mzani upo, inakuwa ngumu yeye kuondoka na lori tupu. Uzeni kwa kilo. Chama cha msingi cha ushirika kikiwepo karibu, mizani yao inaweza kutumika. Mnunuzi akishikilia lumbesa, mkoa una ofisi ya Wakala wa Vipimo, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwapigia. Angalieni na kilemba, yaani nafaka inayorundikwa juu ya ukingo, kwenye debe lenyewe, maana nako kuna kilo mbili tatu zinapotea kwa kicheko.

Nimeacha hifadhi mwishoni kwa sababu bila hiyo hesabu yote ya juu haina maana. Dumuzi si mdudu wa asili yetu. Ametoka Amerika ya Kati, na kwa Afrika Mashariki alianza kuonekana hapo jirani zetu Tabora, miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini. Wakulima wa huko walimpa jina la Scania, kama lori. Anatoboa punje, anatoboa hata mbao, na mahindi yanayokaa kwenye magunzi juu ya dari ndiyo anayoyapenda. Kwa hiyo pukuchueni mapema, msiyaache na magunzi hadi Septemba.

Yanikeni juu ya turubai, si chini kwenye vumbi. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika tatu nne, acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, yana maji, rudisha juani. Ikianguka yote chini, weka ndani. Kufaulu kipimo hiki kunaonyesha tu kwamba unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo hata yakifaulu, siku moja zaidi ya jua haidhuru. Kisha mahindi ya chakula yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani na mfuko wa nje wa kawaida. Jaza, shindilia hewa itoke, funga kila plastiki peke yake kwa kusokota na kukunja. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa wenyewe, bila dawa. Usifungue kila wiki kuchota. Fungua mmoja, umalize, ndipo ufungue mwingine. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasifike, kwa sababu tundu moja linaharibu kazi yote. Mnahitaji kama tisa. Gunia moja mliloliwa na dumuzi, kwa bei ya leo, ni 102,000. Mifuko tisa haifiki hapo, na ikitunzwa inarudiwa msimu wa pili. Nunueni kwa muuza pembejeo anayeaminika, na ipulizieni hewa ndani kabla ya kulipa kuona kama haivuji.

Mahindi yaliyoota ukungu au yanayonuka msiyasage, hata kwa pombe, na msiwape kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haya ya kununua sokoni nayo yakague kabla ya kupeleka mashineni. Debe la 15,000 lenye punje za kijani na nyeusi ni ghali kuliko la 17,000.

Kwa sababu na nyinyi sasa ni walaji, neno moja la kitoweo. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na bei ya dagaa iliwashtua watu. Kukiwa na tangazo kama hilo, nunueni dagaa wakavu kabla, wakauke vizuri na wafungwe. Kwa mtoto wako hao ni muhimu kuliko nyama ya sikukuu.

Kwa wiki hizi, nguvu yenu ipelekeni kwenye palizi yenu kwanza, asubuhi, na vibarua vya watu viwe baada ya hapo au siku za kupokezana. Muhogo uliokomaa uchimbeni sasa badala ya kuungojea bei. Kama majani yana batobato au mizizi ina michirizi ya kahawia ndani, msitumie vijiti vyake kupanda tena. Afisa ugani wa kata aje kuona shamba lenyewe, kwa sababu mimi siwezi kujua kwa barua kama mahindi yenu yana njaa ya mbolea, viwavijeshi au magugu tu. Mwoneshe na mahali mnapohifadhi. Akisema hana nafasi, andikeni jina kwa mtendaji na mfuate siku ya mkutano wa kijiji, mkiwa kaya kadhaa.